Flashi ya GB 64 iliyojaa muvi: GB za kweli ni saba

Naandika hasira zikiwa bado za moto, maana zikipoa nitaanza kumuonea huruma yule kijana aliyeniuzia na maneno nitayalainisha. Flashi niliyouziwa imeandikwa GB 64. Ndani mna GB saba na kidogo. Nimeipima mara mbili, kwa kompyuta mbili tofauti, jibu ni hilo hilo. Ilikuja imejazwa muvi ishirini na tatu, flashi na kazi ya kuingiza vyote vikilipiwa pamoja. Zinazofunguka mwanzo hadi mwisho ni nne. Ya tano inakatika katikati. Kumi na nane zilizobaki ni majina matupu.

Anayedhani hii ni kelele ya kitu kidogo, basi hajaangalia jinsi jioni zetu zilivyobadilika hapa Unguja mjini. Wazee walikwenda kwenye kumbi za sinema, Empire, Majestic na Cine Afrique. Sasa king'amuzi wengi tumeacha kukilipia kila mwezi, na kushusha muvi ya Kihindi ya saa tatu kwa bando la simu ni kuchoma pesa. Kwa hiyo flashi ndiyo sinema yetu. Baada ya isha inachomekwa nyuma ya TV, mkeka unatandikwa, watoto wa jirani wanaingia bila kubisha hodi. Anayeuza flashi na kuingiza muvi ndiye mwenye sinema wa mtaa, na anatakiwa aijue kazi yake hivyo.

Iliyonitia wazimu ni hiyo muvi ya tano. Inakatika dakika ya 81, muda mfupi tu baada ya bango la mapumziko. Uso wa mama wa bwana harusi unaganda, unapasuka vipande vya kijani na zambarau, sauti inakariri silabi moja mara nne tano, kisha TV inaandika kwamba faili halitambuliki. Chumba kizima kinageuka kukutazama wewe uliyeileta.

Duka lenyewe, kijiduka cha pembezoni mwa Darajani ambacho sikitaji jina, lina majibu matatu kwa kila anayerudi. La kwanza: TV yako haisomi. La pili: umeichomoa vibaya. La tatu: umeme wenu umekatika, ndio umeiunguza. Nilipomwambia yule kijana kwamba hata kompyuta haizifungui zile kumi na nane, akanambia, mbele ya wateja wengine, "Mama, mambo haya mazito, kamwite baba watoto aje nimueleze yeye." Ningelimsamehe flashi. Hilo bado silimezi.

Sasa tuyachukue majibu yake kwa uzito, kwa sababu yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowanyamazisha watu.

Ni kweli TV inaweza isisome muvi. Ukipata picha safi lakini hakuna sauti, mara nyingi sauti ya faili hilo imefungwa kwa mtindo wa DTS au E-AC3, na TV nyingi za bei ya kawaida hazina ruhusa ya kuufungua. Ukipata sauti bila picha, au picha inayokwama kila sekunde, tazama kama faili limebanwa kwa H.265, mtindo mpya wa kubana video, TV ya miaka mingi huwa hailiwezi, muombe muuzaji akupe la H.264, mtindo wa zamani. Flashi nzima ikiwa haionekani kwenye TV ilhali kwenye kompyuta inaonekana, mara nyingi imefomatiwa, yaani imepangwa ndani, kwa mtindo wa exFAT au NTFS na TV yako inataka ule wa FAT32. Na FAT32 nayo ina ukomo wake: faili moja lisifike GB 4. Muvi ndefu ya Kihindi ya 1080p, yaani picha ya mistari 1,080, hupita hapo kirahisi, ndiyo maana fundi anayejua kazi hukupa ya 720p, GB moja na nusu hadi mbili, na kwenye TV ya inchi 32 hutaona tofauti ya maana.

Lakini maradhi ya TV yana tabia moja: muvi inakataa tangu sekunde ya kwanza, au ina kasoro ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho. TV haiisomi muvi dakika 81 kisha ikasahau kusoma. Na njia ya kumaliza ubishi ni nyepesi. Chomeka flashi kwenye kompyuta, fungua faili kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video ambayo hufungua karibu kila kitu. Likikataa na hapo, TV haina kosa. Kisha chukua muvi ile ile kutoka kwenye kompyuta ya muuzaji, itie kwenye flashi nyengine, ichomeke kwenye TV ile ile. Ikicheza, mwizi umemkamata. Nilimuomba tufanye hivyo pale pale, dakika tano hazifiki. Akasema foleni ni ndefu.

Kuichomoa vibaya nako kunaweza kuharibu. Ukichomoa wakati kompyuta bado inaandika, faili la mwisho kuandikwa huwa pungufu, na pengine orodha nzima ya majina huvurugika. Umeme ukikatika katikati ya kunakili matokeo ni hayo hayo. Ila hapo huumia faili moja, mawili. Hayaumii kumi na nane kwa mpangilio, moja baada ya jengine, kuanzia pale pale GB ya saba inapomalizika.

Mpangilio huo ndio alama ya flashi feki. Kwa atakayeuliza inawezekanaje kompyuta idanganyike, ni hivi. Ndani ya flashi mna vitu viwili vya maana: chipu inayohifadhi, na kijichipu kinachoiongoza na kuijibu kompyuta inapouliza "una nafasi kiasi gani?" Wanaotengeneza feki huweka chipu ndogo ya kuhifadhi, mfano GB 8, kisha huifundisha ile inayoongoza kujibu 64. Ni pishi iliyotiwa kitako cha ndani: nje unaona pishi kamili, mchele ni kibaba. Kompyuta huandika kwa kuamini. Zikishajaa zile GB za kweli, vinavyofuata hutupwa hewani, na katika flashi nyengine hurudi mwanzo na kuyafuta yaliyotangulia. Majina ya muvi na ukubwa wake unayaona yote kwa sababu orodha huandikwa mwanzoni mwa flashi, sehemu iliyo hai. Kwa hiyo dukani kila kitu kinaonekana sawa. Muuzaji anakufungulia muvi ya kwanza, inacheza, unalipa, unaondoka.

Sharti umwambie akufungulie ya mwisho, si ya kwanza. Na aisogeze mbele mpaka dakika kumi za mwisho. Na kabla ya hapo aichomoe flashi kwa utaratibu na kuichomeka upya, maana kompyuta huwa bado inayo muvi kwenye kumbukumbu yake na inaweza kukuonesha kitu ambacho flashi haina.

Kipimo kamili ni programu ndogo ya bure iitwayo H2testw, ya Windows. Hufunguka kwa Kijerumani. Bonyeza English, chagua flashi, acha ipime nafasi yote, kisha Write + Verify. Flashi iwe tupu kwanza, na kama mna kitu mulichokihifadhi kitoeni kabla, kwa sababu feki ya aina ile inayorudi mwanzo itakifuta. Programu huijaza flashi mafaili ya GB moja moja, halafu huyasoma tena na kulinganisha. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde hutaka karibu saa moja na dakika 50 kujaa, na muda mwengine wa kuisoma. Iache usiku, hakikisha tu kompyuta hailali. Asubuhi itakwambia GB ngapi ni nzima na ngapi zimepotea. Kwa wenye Linux au Mac kuna f3: f3write huandika, f3read husoma na kuhesabu.

Macho nayo husaidia, ingawa hayatoshi. Flashi ya kweli ya 64 ikichomekwa kwenye Windows huonesha 59 na kitu au chini yake kidogo, haioneshi 64 kamili, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na kompyuta kwa 1,024. Ya 32 huonesha 29 na kitu au chini yake kidogo. Ukiona 64 kamili, weka shaka. Halafu chungulia mdomo wake. Hii yangu ina ulimi wa buluu, ile buluu inayotumiwa kutambulisha USB 3, ile ya kasi zaidi. Mdomo wa USB 3 una vijibati tisa: vinne vipana mbele, na vitano vyembamba nyuma yake ndani zaidi. Hii ina vinne tu. Buluu ni rangi ya plastiki, basi. Nimeitazama kwa tochi ya simu zaidi ya mara moja nikitumai nimekosea. Uso wa vijibati umekwaruzika, na ukingoni plastiki imeacha uzi mwembamba ambao haukukatwa vizuri.

Kuna namna ya kuiokoa ili isiwe taka. Kama H2testw imekwambia GB 7.2 za mwanzo ni nzima, unaweza kuibana flashi itumie hizo tu. Kwenye Windows fungua diskpart, programu yake ya kugawa diski, kama msimamizi. Andika list disk, itambue flashi yako kwa ukubwa wake wa uongo, kisha select disk na namba yake. Hapa simama usome mara mbili, ukikosea namba utafuta diski nyengine nzima. Fuatisha clean, halafu create partition primary size=7000, halafu format fs=fat32 quick, mwisho assign. Sasa flashi itasema GB 6 na pointi, na itakuwa kweli. Inatosha muvi tatu hadi nne za 720p, au katuni za wiki nzima. Mimi sitaitia kitu ambacho sina nakala yake pengine, kwa kuwa chipu zinazotiwa kwenye feki mara nyingi ni zile zilizokataliwa kiwandani.

Nimhesabie na mazuri yake yule kijana, maana naandika uzoefu wangu wote. Uchaguzi wake wa muvi ni mzuri kuliko wa wengi. Hakunijazia takataka, alizipanga kwenye folda, za Kihindi mbali, za Kituruki mbali, za watoto mbali. Hizo nne zinazocheza ni safi, hazijarekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi watu wakipita mbele. Na alikumbuka kuweka faili la maandishi ya tafsiri, lile la srt, lenye jina lile lile la muvi na ndani ya folda moja, jambo ambalo maduka mengi hulisahau na TV ikakosa kuyaonesha. Huyo ni mtu anayejua. Pengine naye kauziwa kwa jumla, boksi zima, na aliyemuuzia kauziwa. Kwa hilo nilikuwa nishaamua kuandika kwamba kazi ya kuingiza muvi naipa alama nzuri, flashi zake ndizo za kuepukwa. Nendeni na flashi zenu mulizozipima, mumuachie akujazieni.

Nilipofika hapo nikakumbuka ubao wake. Nyuma ya mgongo wake zimening'inia flashi kama hiyo, buluu hiyo hiyo, safu kwa safu, nyengine zimeandikwa 128. Na wanaozinunua si watu wa muvi peke yao. Niliposimama pale alikuwepo msichana wa chuo akitaka ya kuwekea kazi yake ya mwisho, na mtu mzima aliyetaka ahamishiwe video na picha za harusi kutoka kwenye simu iliyojaa, ili azifute simuni. Muvi ikikatika tunaingiziwa nyengine. Yule bwana atafuta picha zake simuni kwa imani, ataona majina yote yamo kwenye flashi, na atagundua siku atakapotaka kuzionesha.

Mtu anayejua srt ni nini, na anayejua tofauti ya 720p na 1080p, hawezi kunambia hajui flashi zake zina nini. Usiku mmoja wa H2testw ungemtosha kwa boksi zima, angeichukua moja tu akaipima. Hakutaka kujua. Na aliyetaka kumjuilisha akaambiwa amwite mumewe.

Kwa hiyo nabadilisha. Hata muvi simshauri mtu aingiziwe pale. Akiziteremsha zile flashi ubaoni na kuwarudishia watu pesa zao, nitakuja kuandika upya na hizo alama za kazi yake nitampa zote. Risiti yangu ninayo, flashi ninayo, na matokeo ya kipimo nimeyachapisha kwenye karatasi moja, tayari kumpelekea yeye mwenyewe mkononi.