Chati ya pai au donati kwenye programu ya wavuti: ipi uchukue, ipi uiache

Maktaba za kuchora chati, yaani misimbo iliyoandikwa tayari unayoiongeza kwenye programu yako, ni nyingi, na karibu zote zinachora pai na donati (pai yenye tundu katikati) vizuri. Tofauti iko kwenye mzigo zinaokuja nao: kilobaiti ambazo mtumiaji atapakua kabla hajaona kitu, leseni utakayofungwa nayo, na kazi ya kurekebisha kila toleo jipya linapotoka. Nyingi hazidai hela yoyote, lakini mizigo hiyo lazima mtu aibebe. Nimezipanga hapa kwa kuangalia programu ya kawaida: ukurasa wa takwimu wenye donati mbili tatu, ambao watu wanaufungua kwa simu.

Kwanza hakikisha kwamba pai ndiyo unayoihitaji. Mwaka 1984 watafiti Cleveland na McGill walionyesha kwamba macho ya binadamu hulinganisha urefu uliopimwa kwenye mstari mmoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe. Pai inafaa pale unapotaka kuonyesha sehemu ya kitu kizima, na vipande visizidi vitano hivi. Ukiwa na makundi tisa yanayokaribiana, chora chati ya mihimili. Na kama vipande ni vinne tu, huhitaji maktaba kubwa.

Namba moja: SVG unayoichora mwenyewe

SVG ni lugha ya kuelezea michoro ndani ya ukurasa wa wavuti. Hili ndilo chaguo langu kwa miradi mingi, na nashangaa linavyorukwa haraka. Donati ni duara lenye mstari mnene uliokatwakatwa. Chukua elementi ya circle, iwe na nusukipenyo cha 15.9155, mzingo wake unakuwa 100, kwa hiyo asilimia zako zinaingia moja kwa moja bila hesabu nyingine. Ukiandika stroke-dasharray="42 58", asilimia 42 inachorwa na 58 inaachwa wazi. SVG huanza kuchora duara kutoka upande wa kulia, si juu, ndiyo maana kipande cha kwanza unakipa stroke-dashoffset ya 25. Kipande cha pili kinapewa 83, yaani 100 toa 42 jumlisha 25, na kila kinachofuata unatoa jumla ya vilivyotangulia. Ukitaka pai badala ya donati, ongeza unene wa mstari hadi uwe mara mbili ya nusukipenyo, na tundu la katikati linazibika.

Kazi yote hiyo ni fomula moja ndani ya kitanzi. Hakuna kinachopakuliwa zaidi, seva inaweza kuichora kabla ukurasa haujatumwa, na rangi zinatawaliwa na CSS (lugha ya mwonekano wa kurasa) ileile ya programu yako, hata mtumiaji akihamia mandhari ya giza. Jumla unayotaka kuiandika katikati ya donati ni elementi ya text yenye text-anchor="middle", basi.

Kuna njia nyingine ya SVG inayofundishwa sana, ya kuchora kila kipande kwa elementi ya path na amri ya A, inayochora tao. Inafanya kazi, ila ina mtego. Siku data yote ikiangukia kundi moja, kipande cha asilimia 100 kinatoweka kabisa, kwa sababu mwanzo na mwisho wa tao vimekuwa nukta ileile na kanuni za SVG zinasema tao la namna hiyo lisichorwe. Tatizo hili halionekani kwenye data ya majaribio. Linajitokeza kwa mteja mpya ambaye ana rekodi moja tu. Njia ya stroke-dasharray haina shida hiyo.

Usipochagua SVG ya mkono, sababu nzuri ni moja: unahitaji maelezo yanayojitokeza mtumiaji akigusa kipande, uhuishaji, ufunguo wa rangi unaobofyeka, na chati za aina nyingine zaidi ya duara. Hapo unaanza kujenga maktaba yako mwenyewe, na ni afadhali uchukue iliyokwisha kujengwa.

Namba mbili: Chart.js

Ilianzishwa na Nick Downie mwaka 2013, ina leseni ya MIT (unaitumia bure, hata kibiashara), na mifano yake imejaa kila mahali, jambo linalosaidia sana saa za kukwama. Ikichukuliwa nzima, toleo la 4 lina takriban kilobaiti 200 kabla ya kubanwa. Usiichukue nzima. Tangu toleo la 3 unaweza kusajili vipande unavyohitaji tu: kwa donati vinatosha DoughnutController, ArcElement, Tooltip na Legend. Wanaolalamika kwamba ni nzito mara nyingi wameagiza chart.js/auto, ambayo inaleta kila kitu, hadi chati za rada ambazo hawatazitumia kamwe.

Pai na donati ndani yake ni kitu kimoja chenye mpangilio tofauti wa cutout, yaani ukubwa wa tundu: sifuri kwa pai, asilimia 50 kwa donati. Zingatia mambo mawili. Iweke kanvasi (elementi ya canvas ambamo Chart.js huchora) peke yake ndani ya div yenye position: relative, la sivyo chati haitafuata ukubwa wa skrini inavyotakiwa. Pia ite destroy() kabla ya kuchora tena kwenye kanvasi ileile. Usipofanya hivyo utapata kosa linalosema kanvasi tayari inatumika, na kosa hilo hupenda kuibuka kwenye React, maktaba ya kujengea kurasa, pale komponenti inapojengwa upya. Maandishi ya katikati ya donati hayamo kwenye mipangilio yake: andika programu-jalizi ndogo au weka HTML juu ya kanvasi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kanvasi ni picha tupu kwa programu za kusoma skrini. Weka role="img" na aria-label (maelezo yanayosomwa na programu hizo) inayotaja takwimu zenyewe, au jedwali chini ya chati.

Namba tatu: conic-gradient ya CSS

Mstari mmoja wa CSS na pai imepatikana. Chrome iliikubali mwaka 2018 na Firefox ikafuata toleo la 83 mwaka 2020, kwa hiyo vivinjari vya leo havina tatizo nayo. Inapendeza kwa kiduara kidogo kando ya jina kwenye orodha. Lakini vipande havibofyeki kimoja kimoja, mipaka yake huonekana kama meno ya msumeno, na kwa kuwa ni rangi ya usuli, vivinjari huiacha wakati wa kuchapisha mpaka uongeze print-color-adjust: exact. Ripoti zinazogeuzwa PDF na kivinjari ndizo zinazoumia hapa.

Namba nne: d3-shape

Watu husikia D3, maktaba maarufu ya kuchora data, wakaogopa, na kweli D3 nzima ni kubwa. Moduli ya d3-shape pekee ni ndogo na inategemea d3-path tu. Inakupa pembe na matao. Kuchora unachora wewe. Inafaa ukitaka kona za mviringo na nafasi safi kati ya vipande. Jihadhari kidogo: pie() hupanga vipande kuanzia kikubwa hadi kidogo bila kuulizwa, hivyo kama mpangilio wa makundi una maana, zima kwa sort(null).

Chartist na Frappe Charts zinafuata. Zote huchora SVG, ni nyepesi, na hazina makuu. Angalia tu kama zinaendelea kutunzwa kwa kasi inayokuridhisha kabla hujazitegemea.

Za kuacha kwa kazi hii

ECharts, iliyotoka Baidu na sasa iko chini ya shirika la Apache, ni bora sana kwa mifumo mikubwa ya takwimu, lakini faili lake kamili linakaribia megabaiti moja. Highcharts ina msaada mzuri kwa wasioona, ila matumizi ya kibiashara yanahitaji leseni ya kulipia. Google Charts haidai malipo, lakini msimbo wake lazima upakuliwe kutoka seva za Google kila mara. Masharti hayaruhusu uuhifadhi kwako. Programu inayotakiwa kufanya kazi bila intaneti isiiguse.

Majaribio kabla ya kuamua

Chaguo lolote ulilonalo, lipe data mbaya. Jumla ikiwa sifuri, kugawanya kutakuletea NaN (thamani isiyo namba) na chati itavunjika. Onyesha duara la kijivu na maneno "Hakuna data bado". Makundi matatu yaliyo sawa yatakupa 33, 33 na 33, na mtu makini atauliza ile moja imekwenda wapi. Gawa salio kwa vipande vyenye sehemu kubwa zaidi iliyokatwa, au onyesha desimali moja na uandike kwamba tarakimu zimekadiriwa. Kisha geuza skrini iwe nyeusi na nyeupe. Kama huwezi tena kujua kipande kipi ni kipi, andika jina na asilimia kando ya kila kipande, na weka mstari mwembamba wa rangi ya usuli kati yao.