Mashine ya presha ya nyumbani: maoni yangu kwa wazee wenzangu ambao foleni ya kliniki ndiyo inatupandisha

Nimekaa na hii mashine muda wa kutosha sasa naweza kuisemea. Ni ile ya mkono wa juu, mkanda unafungwa juu ya kiwiko, kitufe kimoja kikubwa cha kuwashia, na namba ambazo nazisoma bila miwani. Naipa nyota 4 kati ya 5 na hiyo moja iliyopungua nitasema imeenda wapi. Naandika kirefu manake maoni mengi niliyoyasoma kabla ya kununua yameandikwa na watu ambao kwao kliniki ni mahali pa kawaida tu, unaingia unapimwa unatoka. Mimi nimepita miaka 60, kadi yangu imeandikwa mwanamke, tangu ujana nimevaa mashati na suruali za kiume, nywele fupi, sauti nzito, na sijawahi kwenda kupimwa presha ikawa ni presha peke yake.

Inakuwaga hivi. Jina linaitwa, nasimama, nesi anaangalia kadi, ananiangalia, anarudi kwenye kadi. "Baba, hapa tumemwita mama." Namjibu ndiyo mimi mwanangu. Anasema "aah, samahani", ila ameshasema kwa sauti na benchi zima limeshageuka, na kuna wale wanaonong'onezana kabisa unawaona. Nakaa kwenye kiti moyo bado unadunda, mkanda unafungwa juu ya mkono wa shati, mashine inavuta huku naulizwa umeolewa, una watoto wangapi, na mimi najibu. Namba inatoka 160 na kitu juu. Daktari anaangalia namba, anaongeza dawa, basi, foleni inaendelea.

Na sisemi manesi ni wabaya, wapo walionishika mkono wakaninyamazishia chumba kizima na siwasahau. Nasema tu ile namba ilikuwa inapima pia ile dakika ya benchi. Madaktari wenyewe wanalijua hili jambo, wanaita presha ya koti jeupe, yaani mtu presha yake iko sawa nyumbani ila akifika hospitali inapanda kwa wasiwasi. Ndiyo maana kipimo cha nyumbani kina kiwango chake, kliniki wanahesabu presha kubwa kuanzia 140/90 lakini wastani wa nyumbani wanaanza kuuangalia kwenye 135/85. Hiyo ya koti jeupe inaweza kumpata mtu yeyote. Sasa jiulize kwa sisi ambao wasiwasi unaanza tangu getini, unawaza leo nitaingia choo kipi nikibanwa, leo nani atacheka, leo wataniambia nivue nini.

Hapa ndipo mashine ilinisaidia sana na ndiyo sababu ya nyota zote hizo 4. Baada ya kuongezewa dawa nilianza kusikia kizunguzungu nikiamka usiku kwenda kukojoa, ukuta nilikuwa naushika. Na mtu wa umri wetu akianguka ni nyonga hiyo, kwa hiyo sikulichukulia kimchezo. Nikapima asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kulala, kila mara vipimo viwili vikipishana dakika moja, wiki nzima, vyote nikaandika kwenye daftari pamoja na saa. Namba za nyumbani zilikuwa chini mbali sana na zile za kliniki. Nikaenda nalo kwa daktari, na huyu Mungu ambariki alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa badala ya kulisukuma pembeni. Akaacha vipimo vya siku ya kwanza, akasema siku ya kwanza mtu bado anahangaika na mashine, akapiga wastani wa zilizobaki. Alafu akanilaza kitandani, akanipima, akanisimamisha, akanipima tena nikiwa nimesimama, ile ya juu ikashuka zaidi ya 20 hapo hapo. Akaniambia mzee wangu, hiyo ndiyo kizunguzungu chako, dozi imezidi. Ikapunguzwa na yeye, si mimi. Hilo nasisitiza kwa herufi kubwa: USIJIPUNGUZIE DAWA MWENYEWE kwa sababu mashine imekuonyesha namba nzuri, namba nzuri inaweza kuwa ndiyo dawa inafanya kazi.

Sasa kuhusu mashine yenyewe.

Mkanda. Hili ni jambo kubwa kuliko brandi, kuliko skrini, kuliko yote. Mkanda uliokuja ndani ya boksi ulikuwa wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32, na wauzaji wengi hawakuulizi. Mimi mikono yangu nimefanyia kazi nzito maisha yangu yote, ni minene, ikabidi ninunue mkanda wa 32 hadi 42 pembeni. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko ukweli, kwa hiyo unaweza kutibiwa presha ya mkanda. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mkono katikati ya bega na kiwiko, ndiyo uende dukani. Na ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Kukunja mkono wa shati mpaka ukabana huko juu nako hakufai. Kliniki nilikuwa sipendi kuvua shati mbele ya watu kwa sababu ndani navaa ile fulana ya kubana kifua, na nikivua ndipo maswali yanaanza upya, kwa hiyo miaka yote nilikuwa napimiwa juu ya nguo. Nyumbani navua yote, hata ile ya kubana, nakaa na kitenge mabegani, mkono wazi, napumua vizuri. Na wenzangu mnaobana kifua, umri ukienda ngozi inakuwa nyepesi na mbavu zinauma haraka, ipeni mapumziko, isizidi masaa 8 kwa siku na msilale nayo.

Sehemu iliyokula nyota moja ni programu ya simu. Mashine inaunganishwa na simu ili ihifadhi vipimo na kuchora grafu, nikaipakua, ukurasa wa kwanza kabisa inauliza jinsia, mwanamume au mwanamke, na huwezi kuendelea mpaka uchague. Hakuna pa kuruka. Mimi ninachojua ni kwamba mkanda unasikiliza mtikisiko wa mshipa wa mkono, namba inayotoka haihitaji kujua mimi ni nani, na kiwango cha presha kubwa ni kile kile kwa watu wazima wote. Sasa wanauliza ya nini? Niliifuta. Habari njema ni kwamba mashine inafanya kazi zote bila simu, inatunza kumbukumbu ya watu wawili, kuna kitufe cha mtumiaji 1 na mtumiaji 2, mimi ni 1. Inatosha kabisa. Watengenezaji mkisoma hapa, wekeni basi sehemu ya kuruka, ni mstari mmoja tu na mtakuwa mmetuheshimu wengi.

Ila haki ya Mungu si kila mahali swali la jinsia ni la bure, na hapa nataka wenzangu mnielewe vizuri. Presha inaharibu figo polepole, kwa hiyo tunapimwa kwenye damu kriatinini, yaani uchafu wa mwili ambao figo zinautoa, kuangalia figo zinachuja vipi, na ile hesabu ya figo inatumia umri na jinsia. Kriatinini ile ile moja, mtu akiandikwa mwanamume figo zinaonekana ziko vizuri zaidi kuliko akiandikwa mwanamke. Mimi kuna mahali karani alinitazama tu mavazi akatia tiki kwenye mwanamume bila kuniuliza, na sijawahi kutumia homoni yoyote, kwa hiyo majibu yangu yangesomeka mazuri kuliko hali halisi. Niliiona fomu nikaomba ibadilishwe. Damu kupungua ni hivyo hivyo, kiwango cha chini cha himoglobini, ile wanayopima kujua wingi wa damu, ni 13 kwa wanaume na 12 kwa wanawake. Kwa anayetumia homoni hesabu inakuwa ngumu zaidi na inabidi daktari ajue unatumia nini na tangu lini. Kwa hiyo angalia fomu yako kabla sindano haijaingia, na karani naye aulize, kwa sauti ya chini, si lazima foleni nzima isikie.

Rafiki yangu mmoja, rika langu, yeye alizaliwa akaitwa mvulana na kwa miaka mingi ameishi kama mwanamke, alikuwa hakanyagi hospitali kabisa. Anasema bora afe na siri yake kuliko achekwe. Nilimpima kwangu sebuleni, mkanda wake ulikuwa ule mdogo wa kwenye boksi ukamtosha, na namba ilikuwa kubwa, tukarudia baada ya kupumzika, kubwa, kesho yake kubwa. Hakuwa anaumwa popote. Presha iko hivyo, watu wanasubiri kichwa kiume na wengine hakiumi mpaka kiharusi. Kilichomsogeza kwenda si maneno yangu, ni kuiona namba mwenyewe na mimi kukubali kukaa naye kwenye benchi. Na kule likatoka jambo la maana sana: alikuwa anatumia spironolaktoni kuzuia homoni za kiume, na hiyo ni dawa ya presha pia, inapandisha potasiamu mwilini. Ukichanganya na dawa nyingine za presha kama losartan au enalapril bila kupimwa damu, potasiamu inaweza kupanda mpaka mapigo ya moyo yavurugike. Aibu ingemfanya anyamaze pale kwenye swali la "unatumia dawa gani nyingine". Alisema. Daktari akamchagulia nyingine na sasa anapimwa damu kwa ratiba. Wapendwa wangu, hata kama humwambii daktari maisha yako, mwambie dawa zako zote.

Jinsi ya kupima, manake naona watu wanapima wakiwa wametoka kupanda ngazi alafu wanalaumu mashine. Kojoa kwanza, kibofu kikijaa presha inapanda. Kahawa na sigara iwe imepita nusu saa. Kaa kwenye kiti chenye pa kuegemea, miguu sakafuni usipishanishe, mkono juu ya meza usawa wa moyo, tulia dakika 5 kimya ndiyo ubonyeze, na usiongee mpaka imalize, hata mjukuu akiita muache aite. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, ule wenye namba kubwa ndio utautumia siku zote. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono ni rahisi kubeba lakini ukikosea kuweka mkono kidogo tu namba inadanganya, mimi sizipendekezi kama ya mkono wa juu inakutosha. Na kabla ya kununua ingia kwenye orodha ya STRIDE BP mtandaoni, wameweka mashine ambazo zimefanyiwa majaribio ya usahihi, tafuta modeli yako herufi kwa herufi kwa sababu kampuni moja inaweza kuwa na iliyopimwa na ambayo haijapimwa.

Mapungufu madogo: ikibana inabana kweli, mwenye ngozi nyepesi au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kubaki na michubuko, mwambie daktari. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio mashine inaweza kuhangaika, ina kialama cha moyo kinachowaka, kikiwaka mara kwa mara nenda ukapimwe moyo, usiendelee kukisia. Sauti ya kusoma namba ipo na inasaidia wenye macho hafifu, lakini ni kubwa na inatangaza, mimi nimeizima.

Na kuna wakati mashine haina kazi tena. Namba ya juu ikifika 180 au zaidi, au ile ya chini ikifika 120 au zaidi, kaa utulie urudie. Ikibaki huko huko na kifua kinauma, pumzi inakata, upande mmoja umelegea, macho yamefifia au maneno hayatoki, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, watakuita baba watakuita mama shauri yao, wewe nenda.

Betri inakula 4 na zinadumu vizuri, waya wa umeme ni wa kununua pembeni. Kama bajeti inakubali kimoja tu kati ya waya na mkanda unaokutosha, nunua mkanda.