Sanduku la shughuli za majira ya kuchipua kwa watoto wa chekechea: tathmini baada ya wiki 6

Kwa muda wa wiki 6 nimelitumia sanduku la shughuli za majira ya kuchipua pamoja na watoto 16 wa darasa langu la chekechea, wadogo wao wakiwa na miaka 3 na wakubwa wakiikaribia 6, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mzazi au mwalimu anayejiuliza kama sanduku la namna hii linafaa kununuliwa. Kwa maoni yangu linafaa, ingawa si kwa sababu zilizochapishwa kwenye kifuniko chake. Kifuniko kinasifu kazi za mikono zinazokamilika kwa dakika 10, ilhali thamani ya sanduku imo katika shughuli zisizokamilika hata kwa siku 10, yaani zile zinazomtaka mtoto angoje, arudi kutazama na aseme kwa maneno yake mwenyewe alichokiona.

Ndani yake mna pakiti 3 za mbegu, yaani maharage, alizeti na figili, pamoja na mitungi 4 ya plastiki inayoonyesha ndani, bunda la pamba, lenzi moja ya mkono, kipimamvua kidogo, kadi za rangi, kadi za picha za hatua za ukuaji wa viumbe, karatasi za maua zilizokwisha kukatwa, na kijitabu cha maelekezo kwa mtu mzima.

Nianze na maharage, kwa kuwa hayo peke yake yangetosha kuhalalisha sanduku zima. Maelekezo yanataka punje ilowekwe usiku kucha, kisha ibanwe kati ya pamba yenye unyevu na ukuta wa mtungi, ili kila kinachotokea kionekane kwa nje. Ubanaji huo ni wa maana kuliko unavyoonekana, kwa sababu mbegu iliyofukiwa udongoni humficha mtoto hatua zote za mwanzo, na yeye hubaki akisubiri mbele ya kopo la udongo mpaka subira imwishie. Katika mtungi, watoto wangu waliona punje ikivimba, ganda likikunjamana na kupasuka, kisha kitu cheupe kikichomoza. Karibu wote walidhani kitu hicho ni shina, na walishangaa kwelikweli kilipoelekea chini badala ya juu, maana hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mzizi hutangulia. Figili ilichipua siku ya 4, haragwe la kwanza likafuata siku ya 6, na alizeti ikatuweka hadi siku ya 9. Tofauti hiyo ya siku ilizaa mazungumzo marefu kuhusu mbegu ipi ni ya haraka na ipi ni ya taratibu, mazungumzo ambayo hakuna kadi ingeweza kuyaanzisha.

Mzizi wa haragwe moja ulipofika urefu wa kidole cha mtoto, tuliulaza mtungi ubavu na kuuacha hivyo. Kesho yake ncha ya mzizi ilikuwa imekwisha kupinda na kuanza kushuka upya. Sikuwaeleza watoto habari ya nguvu ya mvutano wa dunia, kwa sababu mtoto wa miaka 4 hana haja ya jina hilo. Niliwauliza tu mzizi umejuaje upande wa chini ni upi. Mmoja akajibu kwamba unanusa maji, mwingine akasema unaogopa mwanga, na kwa majibu hayo mawili tukawa tayari na majaribio mawili ya kufanya juma lililofuata. Kijitabu hakikutaja jambo hili hata kidogo, nami naliona kuwa pengo kubwa, kwa kuwa halihitaji kifaa chochote cha ziada.

Kijitabu kinashauri mche upimwe kila siku kwa rula ya sentimita. Kwa umri huu ushauri huo si mzuri. Watoto wengi wa miaka 3 na 4 bado hawajaelewa kwamba alama za rula huhesabiwa kuanzia sifuri, lakini wanaelewa vizuri sana kipi ni kirefu na kipi ni kifupi. Tuliiweka rula kando, na kila asubuhi mtoto mmoja alikata ukanda wa karatasi ulio sawa na kimo cha mche, tukaubandika ukutani karibu na ule wa jana. Baada ya wiki 2 ukuta ulikuwa na safu ya kanda zinazopanda kama ngazi, na watoto waliweza kuonyesha kwa kidole siku ambazo mche ulikwenda mbio na siku ambazo ulisitasita. Hiyo ni grafu kamili, iliyosomwa na watoto ambao bado hawajui kusoma.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni idadi ya mitungi. Minne inatosha nyumbani, lakini sanduku linatangazwa kuwa linafaa pia kwa makundi, na katika kundi mtungi wa watoto wanne hugeuka haraka kuwa mtungi wa yule mwenye sauti kubwa. Friedrich Froebel, aliyefungua kituo chake cha watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837 na mwaka 1840 akakipa jina lenye maana ya bustani ya watoto, alitaka kila mtoto awe na kijishamba chake mwenyewe mbali na kile cha pamoja, na nadhani yeyote aliyewahi kumwona mtoto akilitafuta haragwe lake asubuhi anaelewa sababu. Niliongeza bilauri 12 za plastiki zinazoonyesha ndani na kubandika alama ya kila mtoto, na tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kukumbushwa kutazama.

Maelekezo yana makosa mawili yatakayomgharimu asiye na uzoefu. La kwanza ni agizo la kuweka mtungi dirishani penye jua kali tangu siku ya kwanza. Haragwe halihitaji mwanga ili liote, bali unyevu, hewa na joto la wastani, na mtungi uliofunikwa ukiwekwa juani hupata joto kupita kiasi, kama ilivyotokea kwa mitungi yetu miwili, ambayo mbegu zake zilioza kabla ya kupasuka. La pili ni kwamba kiasi cha maji hakikutajwa. Pamba inapaswa kuwa na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, na mtoto akiachiwa bilauri ya maji atamimina yote kwa upendo mwingi mpaka mbegu ikose hewa na kuota ukungu. Kifaa kidogo cha kudondoshea maji kingelimaliza tatizo hilo, na pia kingezoeza vidole vitakavyoshika kalamu baadaye.

Kuhusu usalama sina budi kusema wazi, kwa sababu onyo limechapishwa kwa herufi ndogo chini ya sanduku, mahali ambapo hapana anayelitazama. Punje kavu ya haragwe huweza kumpalia mtoto, na ikisukumwa puani huvimba kwa unyevu na kuwa ngumu kutolewa. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo huondoka tu yakichemshwa vizuri, kwa hiyo yasichezewe mdomoni. Tena, mtu asijaze pakiti iliyokwisha kwa mbegu za kilimo zilizopakwa rangi ya waridi au buluu, kwani mara nyingi rangi hiyo ni ishara ya dawa ya kuua kuvu. Mimi huzihesabu punje wakati wa kuzitoa na wakati wa kuzirudisha, na kuhesabu huko watoto wamekufanya mchezo wao.

Lenzi ni ya plastiki, ina mpini mnene unaokaa vizuri katika kiganja kidogo, na haina taa wala betri, jambo ninalolipongeza kwa dhati kwa kuwa betri ndogo za duara ni hatari kubwa zikimezwa. Inakuza kiasi cha kutosha kuona vinyweleo vya mzizi wa figili, ambavyo kwa macho matupu huonekana kama ukungu, na mtu mzima anayejua hilo hataitupa miche mizima akidhani imeharibika. Nilichoongeza ni kanuni mbili tu, kwamba lenzi haielekezwi kwenye jua, na kwamba kila mdudu anayetazamwa hurudishwa pale alipotolewa. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi na ni lazima awe na unyevu, kwa hiyo tulimtazama juu ya karatasi iliyoloweshwa kwa dakika chache, kisha mtoto aliyemwokota akamrudisha chini ya majani yaleyale.

Kadi za rangi zilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Ni 18, na 6 kati ya hizo ni za kijani cha aina mbalimbali, kuanzia kilichopauka hadi kilichokoza, na mtoto hutoka nje kutafuta kitu kinacholingana na kadi aliyoishika. Lugha yetu inaipa shughuli hii utajiri ambao mtengenezaji hakuufikiria, maana neno kijani lenyewe limetokana na jani, na mtoto akilisikia hilo huku ameshika jani changa mkono mmoja na jani kongwe mkono wa pili, huuliza mara moja kwa nini majani mawili ya mti mmoja yana kijani tofauti. Siku ya kwanza watoto walileta vitu. Kufikia siku ya tatu walikuwa wakileta hoja, wakibishana kama ukoga wa ukutani uko karibu zaidi na kadi hii au ile.

Kipimamvua ni kidogo lakini kimeundwa kwa uangalifu, na kinafanya kazi yake. Ni vyema mwalimu ajue kwamba milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba, kwa sababu tulipochora mraba huo sakafuni na kusimamisha chupa ya lita moja katikati yake, watoto walioidharau mvua ya usiku walibadili fikra.

Kadi za hatua za ukuaji zina picha nzuri na kosa moja lisilopaswa kuwamo. Zinaonyesha kiwavi wa kipepeo akijifunga ndani ya kifukofuko cha nyuzi, ilhali kwa kawaida hivyo hufanya viwavi wa nondo; kiwavi wa kipepeo hujivua ngozi yake ya mwisho na kubaki pupa mwenye ganda gumu, akining'inia au akiwa ameshikizwa kwenye kijiti. Nilichora kadi mbadala kwa mkono. Kadi za ndege zilikuwa sahihi, na zilianza vizuri mno kwa kile kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, kwani mtoto aliyekwisha kutegua kwamba ni yai hutaka sana kujua aliyemo ndani atatokaje.

Maua ya karatasi sina mengi ya kuyasema. Yamekwisha kukatwa, yamekwisha kupakwa gundi, na yote yanafanana. Watoto waliyabandika kwa dakika chache na hakuna aliyeuliza swali wala aliyetaka kurudia. Nafasi yake ingejazwa na karatasi tupu na kalamu za rangi, mtoto akachora ua alilolitazama mwenyewe kwa lenzi.

Kijitabu kinasema majira ya kuchipua huanza mwezi Machi, bila kueleza kwamba hiyo ni kweli kwa nusu ya kaskazini ya dunia pekee. Katika nusu ya kusini, majira hayo huanza Septemba. Kwa familia zinazohesabu mwaka kwa mvua na kiangazi, sanduku litumike mvua za kwanza zinapoirejesha rangi ya ardhi, kwani hakuna shughuli hata moja humu inayotegemea kalenda.

Ninalipa nyota 4 kati ya 5, nikiipunguza moja kwa ajili ya mitungi, maelekezo ya jua na kosa la kifukofuko. Mwenye mtoto mmoja au wawili atalitumia kama lilivyo. Mwalimu aongeze bilauri na karatasi. Jambo moja la mwisho ambalo kijitabu kimelisahau ni kwamba pamba haina chakula. Mche huishi kwa akiba iliyomo katika nusu mbili za haragwe, na nusu hizo zikianza kusinyaa ni lazima uhamishiwe udongoni. Watoto wangu ndio waliogundua kusinyaa huko, wakaniita nije nitazame. Tulihamisha miche 11, na 9 kati yake sasa imeanza kujizungusha kwenye vijiti, huku kanda za karatasi ukutani zikiwa zimepita kimo cha yule mdogo kuliko wote, ambaye kila asubuhi husimama kando yake kujipima.