Barolo au Gattinara? Kabla hujalipa, uliza habari za mashapo

Wifi yangu alikuja Torino kututembelea, nikasema ngoja nimnunulie Barolo manake ndo jina la waini analolijua, nikaingia duka moja mjini muuzaji akanitolea chupa ya mavuno ya 2011, euro 58, akaniambia hii iko tayari, fungua leo leo. Nikaitia kwenye mkoba, nikapanda tramu, nikatembea nayo mpaka nyumbani, saa moja baadae iko mezani. Glasi tatu za mwanzo safi kabisa. Ya nne ilikuwa ya wifi, ikatoka imechafuka kama mto wa masika, akapiga funda moja akakunja uso, nikamwona anapitisha kidole kwenye ulimi kutoa chengachenga. Robo ya chupa tukamwaga. Hiyo ni euro 14.50 imeenda kwenye sinki, jamani.

Sasa habari za harufu ya waridi na lami, sijui inywewe na nyama gani, hizo utazikuta kila mahali, mi naziruka. Nataka tuongee mashapo, manake hakuna anayekwambia. Barolo inatokana na zabibu inaitwa nebbiolo, ina tanini nyingi mno, ile inayokausha ulimi, ikikaa chupani miaka ile tanini na rangi vinashikana vinazama chini. Waini haijaharibika. Ila mashapo ya nebbiolo ni laini kama vumbi, machungu, ukitikisa chupa kidogo tu yanapanda yote na kutulia tena ni siku nzima au zaidi. Tuliokulia Pwani tunajua, muuza kahawa mwenye dele anajua pa kukomea, hakumiminii mpaka ya chini kabisa. Waini ya euro 58 nayo inataka heshima hiyo.

Ndo nikarudi kwa Gattinara yangu. Ni nebbiolo ile ile, jimbo ni lile lile la Piemonte hapa Italia, ila Barolo iko kusini huko mkoa wa Cuneo na Gattinara iko kaskazini, mkoa wa Vercelli karibu na milima ya Alpi, na wenyeji nebbiolo wanaiita spanna. Watu wanadhani ni waini ya daraja la chini kwa sababu hawaijui. Angalia sheria zao lakini: Barolo lazima ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mbao. Gattinara miezi 35, na kwenye mbao ni 24. Yaani kwenye pipa inakaa zaidi ya Barolo! Zote zina DOCG, daraja la juu kabisa la waini za Italia, Barolo tangu 1980, Gattinara 1990. Tofauti kubwa ni kwamba mashamba ya Gattinara ni kama hekta 100 tu wakati Barolo wana zaidi ya 2,000, kwahiyo jina halijasambaa.

Sasa watengenezaji, namba moja kwangu ni Gattinara ya Travaglini na sifichi, mi ni mtu wa Travaglini. Chupa yao nyeusi imepinda, upande mmoja bega limevimba kama limebonyezwa kwa kiganja, na ile sio mapambo, ukiimimina taratibu mashapo yanakwama pale kwenye bega glasi inatoka safi. Yani kuna mtu alikaa akaifikiria glasi ya mwisho! Nilinunua euro 27. Namba mbili Antoniolo, nzuri sana, ila chupa ya kawaida kwahiyo mmiminaji uwe makini. Nervi ningeiweka hapo hapo, ila tangu 2018 iko mikononi mwa Roberto Conterno, mtu wa Barolo, na bei imepanda nayo. Barolo yenyewe naiweka ya tatu, na ununue kwa muuzaji atakayekueleza chupa ilikuwa imelazwa au imesimama. Langhe Nebbiolo ni ya bei rahisi, changa, mashapo hamna, ya pizza inatosha.

Kinachoniuma ni yule muuzaji. Nilirudi dukani, akanijibu signora, hiyo ni asili ya waini. Najua ni asili! Sasa wakati anapokea hela kwanini hakusema nikaisimamishe siku mbili kwanza? Sentensi moja tu. Badala yake ananiambia fungua leo, kwa chupa aliyoitoa ikiwa imelala, alafu Gattinara kaziweka rafu ya chini kabisa karibu na sakafu mpaka uiname, Barolo ziko usawa wa macho ndani ya maboksi ya mbao, na boksi nalo unalilipia.

Wifi kaondoka na Travaglini moja kwenye begi, nimeizungusha khanga mbili. Nimemwambia akifika aisimamishe kabatini, asiiguse mpaka jumapili, siku ya kufungua awashe tochi ya simu chini ya shingo ya chupa amimine polepole bila kuirudisha wima kila glasi, na akiona kama moshi unaanza kupanda kuelekea shingoni, hapo hapo aache.