Gitaa Halisi au la Plastiki katika Michezo ya Muziki?

Guitar Hero, mchezo uliotoka mwaka 2005, ulimpa mchezaji gitaa la plastiki lenye vitufe 5 vya rangi mahali pa nyuzi. Rocksmith, uliotoka mwaka 2011, ulimtaka aunganishe gitaa halisi la umeme kwa kebo maalumu.

Kwa asiye na chombo chochote, plastiki kwa kawaida ni nafuu, ingawa haina kazi nje ya mchezo. Mwenye gitaa tayari atahitaji mchezo na kebo tu.

Katika kutegemeka, plastiki inashinda waziwazi. Kitufe hubonyezwa au hakibonyezwi, lakini sauti ya uzi lazima ichambuliwe kwanza, na televisheni ikiichelewesha hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, mpigaji huisikia noti baada ya kidole chake. Naamini kasoro hii huwakatisha tamaa wanafunzi wengi kuliko maumivu ya vidole, na mara nyingi hupungua sauti inapopelekwa kwa waya moja kwa moja kwenye spika badala ya kupitia televisheni.

Nyuzi huhitaji kurekebishwa sauti kila mara na kubadilishwa zikichakaa. Vitufe huhitaji kusafishwa tu, lakini vikifa ni vigumu kuvitengeneza.

Anayetaka kucheza na wageni wasiowahi kushika gitaa achague plastiki. Anayetamani kupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) hata televisheni ikiwa imezimwa hana budi kuvumilia nyuzi, kwa kuwa vitufe vitamfundisha mdundo, si mahali pa kuweka vidole.