Rangi ya Tamiya PS kwenye bodi angavu za magari ya rimoti: uzoefu wangu katika baridi ya Mbeya

Nazungumzia makopo ya kupuliza ya Tamiya PS, yale ya mililita 100, niliyotumia kwenye bodi za polikaboneti (wengi tunaziita Lexan) za skeli 1/10, hapa Mbeya mjini, kipupwe na masika. Nianze na hukumu: rangi inashika, haibanduki bodi ikijikunja, na inakauka haraka. Ikiharibika mikononi mwako huku nyanda za juu, kabla hujailaumu, angalia kwanza baridi, unyevu na haraka.

Soma herufi zilizo kwenye kopo kabla ya kulipa. PS ni ya polikaboneti. TS, ya kampuni hiyohiyo na kopo linalofanana nayo, ni ya plastiki ngumu. TS kwenye bodi laini itakauka na kung'aa vizuri, halafu gari ligonge ukingo mara moja, rangi inapasuka na kudondoka magamba. PS nayo usiipeleke kwenye plastiki ngumu. Na kuna ushauri unaosikika sana mjini, wa kumpelekea bodi fundi rangi wa gereji aipulize na rangi iliyobaki kwenye bampa. Usifanye hivyo. Rangi ile ni nzuri kwa bati, lakini tinna yake inashambulia polikaboneti: plastiki inafanya ukungu, inatoa vijinyufa kama utando wa buibui, na bodi iliyokuwa inakunjika inaanza kukatika kama biskuti. Kujaribia kwenye chupa ya soda hakukuambii kitu, maana ile ni PET, plastiki nyingine kabisa. Jaribia kwenye pindo la bodi lenyewe, lile la pembeni utakalolikata na kulitupa.

Jambo la pili ni kuzoea kufikiri kinyume. Bodi hizi zinapigwa rangi kwa ndani, kwa hiyo mkono wa kwanza (yaani tabaka la kwanza la rangi) ndio watu watakaouona, na mkono wa mwisho hauonekani na mtu. Vumbi likitua juu ya mkono wa tatu, liache. Unyoya mmoja wa kitambaa ukinaswa kati ya plastiki na mkono wa kwanza, utakuwa nao mpaka bodi ife.

Ndiyo maana kuosha kuna uzito kuliko kupuliza. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, sponji laini, ndani kote mpaka kwenye kona za taa. Usitumie steelwaya wala msasa. Kwa PS hakuna haja ya kukwaruza, na mikwaruzo itaonekana kwenye vioo, yaani sehemu za bodi zinazoachwa bila rangi kama madirisha. Suuza, kung'uta, acha ikauke yenyewe bila kuifuta. Kuanzia hapo ishike kwa nje tu, kwa sababu mafuta ya kidole yanaacha alama ambayo rangi haitaishika.

Kabla hujaweka tepu, vika bodi kwenye gari na uweke alama za matundu ya nguzo zinazoishika bodi, kwa maka peni, juu ya nailoni ya nje inayoikinga plastiki. Sasa hivi unaona nguzo kupitia plastiki. Ukishapiga rangi huoni kitu, na tundu likikosewa kwa milimita 5 bodi inasugua tairi.

Tepu ndipo kazi ya macho ilipo. Stika za vioo zinazokuja na bodi zinakaa vizuri sehemu bapa, ila kwenye mkunjo wa kioo cha mbele zinainuka, hasa asubuhi ya baridi gundi yake ikiwa imekakamaa. Mimi nazipasha kidogo kwa draya ya nywele, nazikandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha nazungushia ukingo tepu nyembamba ya milimita 6. Tepu ya karatasi ya madukani Mwanjelwa inafaa kufunika eneo kubwa, lakini haifai kwenye mstari wenyewe, kwa sababu inavujisha na kuacha ukingo wenye meno. Sugua ukingo kwa ukucha au mgongo wa kijiko, huku ukiutazama kwa upande wa nje. Palipokamata panaonekana pamekolea, na penye hewa panabaki na weupe kama uzi. Uzi huo mweupe ndiko rangi itakakopita. Usianze kupuliza mpaka uishe.

Sasa baridi. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Juni mpaka Agosti asubuhi kopo liko baridi kama limetoka kwenye friji. Gesi ya ndani ikipoa inapoteza msukumo, na badala ya ukungu laini inatema matone. Matone kwenye mkono wa kwanza yanaonekana kwa nje kama madoa ya mvua kwenye vumbi, na hayafunikiki. Dawa yake ni beseni la maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kuweka mkono bila kuutoa. Zamisha kopo dakika tano hadi kumi, lifute, litikise dakika mbili nzima, kisha jaribia kwenye karatasi. Usilikaribishe kwenye jiko la mkaa wala la gesi: kopo halitakiwi kuzidi nyuzi joto 50, na kinachotoka ndani kinawaka. Bodi nayo ipate joto la kawaida, si kutoka stoo yenye sakafu baridi.

Unyevu ni adui wa masika. Kimumunyisho cha rangi kikigeuka mvuke kinaipoza, na hewa ikiwa na maji mengi, maji yale yanatua juu yake na kuacha weupe kama maziwa. Ukitokea kwenye mkono wa mwisho, hakuna hasara. Ukitokea kwenye wa kwanza, nyekundu yako inakuwa kama imepakwa majivu. Napuliza kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, ukungu ukiwa umeshapanda mlimani na mvua haijaanza. Siku ambayo nguo haikauki kwenye kamba, usipige rangi. Mahali pawe wazi, usipulizwe na upepo moja kwa moja, na uvae barakoa ya chujio ya kuzuia mvuke wa rangi. Ile ya kitambaa haizuii mvuke huo.

Kupuliza kwenyewe: sentimita 20 hadi 30, mkono ukitembea, anza nje ya bodi na umalizie nje ya bodi. Mkono wa kwanza uwe kama pumzi tu, bado unaona vidole upande wa pili. Huo ndio unaoziba ukingo wa tepu. Subiri dakika 10 hadi 15, wakati wa baridi 20, kisha wa pili, kisha wa tatu. Anayetaka kufunika kwa mkono mmoja rangi inamchuruzika, inapenya chini ya tepu na inailowesha plastiki mpaka inachakaa.

Mpangilio wa rangi ni giza kwanza, kisha nyepesi. Mistari myeusi (PS-5) kwenye bodi ya njano (PS-6) inapigwa kabla, ndipo tepu inatolewa na njano inapita juu ya vyote. Ukianza na njano, ukungu mweusi uliopenya utaonekana kupitia kwake. Halafu migongo, yaani rangi inayowekwa nyuma ya nyingine: nyekundu, njano na rangi zote za kuwaka zinapitisha mwanga, zinahitaji nyeupe (PS-1) nyuma yake. Nyekundu (PS-2) iliyowekewa nyeusi moja kwa moja inageuka rangi ya ini. Weka nyeupe kwanza, na kama unataka ndani paonekane nadhifu, nyeusi ije mwisho kabisa. Vioo vya kiza vinapatikana kwa PS-31, mkono mmoja mwepesi, na hiyo haiwekewi mgongo.

Tepu nazitoa rangi ikishakauka kwa kugusa, nikiivuta tepu ikijirudia yenyewe, taratibu, si kwenda juu. Nailoni ya nje inabaki mpaka mwisho wa kukata.

Kwa hesabu, bodi moja ya 1/10 ya rangi moja inakula karibu kopo zima, na nyeupe ya mgongo kama nusu ya kopo. Agiza pamoja, kwa sababu kopo la gesi linahesabiwa mzigo hatari kwenye ndege. Usitegemee kifurushi cha haraka. Mwenye kompresa na bunduki ndogo ya rangi anaweza kutumia rangi ya maji iliyotengenezwa kwa polikaboneti, inasafiri kirahisi, ila kwa baridi yetu kila mkono unahitaji draya.

Baada ya siku nzima, kata kwa mkasi wa ncha iliyopinda, au chora mstari mara mbili kwa kisu cha wembe na uikunje, itaachia yenyewe. Kona za matao ya tairi zisiachwe na pembe kali, maana ufa unaanzia hapo. Pitisha msasa namba 400 kwenye kingo ulizokata. Kisha kwa ndani, kwenye kona za mbele na kuzunguka matundu ya nguzo, bandika vipande vya ile tepu ya neti ya kuungia jipsamu kwa gundi ya mpira inayobaki laini. Supa gluu inakauka ngumu na inatoa moshi mweupe unaotia ukungu kwenye vioo. Menya nailoni ya nje siku ambayo hakuna vumbi, kwa sababu plastiki ikitoka kumenywa inavuta kila chembe iliyo hewani.