Filta ya nebula niliyouziwa ni kioo cha kijani tu

Nimenyamaza wiki kadhaa, leo nasema. Ile filta ya O-III, yaani ya kupitisha mwanga wa oksijeni ili uone nebula kwa darubini, niliyoagiza kutoka duka moja la Dar si O-III. Ni kioo cha kijani, kama kipande cha chupa ya soda.

Nebula ya sayari, pamoja na jina lake, haihusiani na sayari yoyote. Ni gesi iliyotoka kwenye nyota inayozeeka, na mwanga wake mwingi ni wa oksijeni, wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 501. Filta ya kweli inapitisha mwanga huo na kuzima mwingine. Helix, nebula ya sayari iliyo kwenye kundi la nyota la Ndoo, ni pana karibu nusu ya mwezi tunaouona, kwa hiyo mwanga wake umetandaa, mwepesi kama uji uliozidi maji. Bila filta unahangaika.

Basi nikasubiri usiku wa giza. Hapa Bangwe, Kigoma, usiku wa giza ndio wavuvi wa dagaa wanashuka ziwani na taa zao, ziwa linawaka kama mji. Nikahamia nyuma ya nyumba ukuta unikinge, nikakaa nusu saa macho yazoee. Nikafunga filta kwenye darubini. Nyota zote zile zile, zimekuwa kijani! Filta ya kweli ingezififisha. Helix hakuna. Nikaielekeza kwenye balbu ya jirani: inang'aa vilevile.

Asubuhi nikampigia muuzaji, nikamsalimia vizuri. Akanijibu: "Kaka, labda ni macho yako. Na ukishafungua hatupokei." Akakata.

Macho yangu! Kwa macho haya haya, darubini ya inchi nane, nimeiona M57, nebula nyingine ya sayari, bila filta yoyote, kapete ka kijivu katikati ya nyota. Nimejifunza kutazama kwa pembeni ya jicho, maana vitu hafifu ukivikazia macho vinapotea. Mtu ambaye hajawahi kukesha na darubini ananiambia mimi sioni?

Nikitaka kuwa mkweli, darubini yenyewe niliinunua kwao na haina kasoro. Kioo chake ni safi, nyota zinakaa kama ncha ya sindano. Nilikuwa naandika kwamba darubini nunueni, filta msinunue. Lakini nikikumbuka ile simu, hapana. Msinunue hata kifuniko cha lenzi pale.

Juzi juzi rafiki yangu mwalimu wa Tabora alishuka na treni, filta yake mfukoni. Tukaifunga kwenye darubini hiyo hiyo, uani pale pale. Nikachungulia, nikagonga bomba la darubini kidogo litikisike, maana kitu hafifu kikitikisika jicho hukidaka, na likatokea: duara kubwa, hafifu kama pumzi kwenye kioo, katikati pana giza. Nikamwita mdogo wangu, ambaye hajui nebula ni nini, sikumwambia atafute nini. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kaka, mbona kuna duara?"